Kwapa la Mtukufu

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Kondo mwenyewe halifichi hilo; ukikutana naye sokoni atakuambia kabla hujamaliza kumsalimu, na akishakuambia atacheka, kisha atainama kutazama vidole vya miguu yake kidogo, kama mtu aliyedondosha kitu asichotaka kuulizwa. Basi na sisi hatuna sababu ya kumsitiri. Wakubwa walikuwepo wengi, wenye majoho na vyeo virefu, lakini aliyenyoosha mkono alikuwa yeye.

Nchi yenyewe hatutaitaja. Ni nchi nzuri, ina watu wema na serikali inayowapenda, na mambo haya hayawezi kutokea penginepo popote. Msomaji akae kwa raha zake.

Ilikuwa zamani kidogo, karne hii ya kumi na nane ikiwa bado mbichi. Huko ng'ambo watu walikuwa hawalali. Mmoja amechemsha maji kwenye pipa la chuma, na mvuke wake unavuta maji kutoka chini ya ardhi. Mwingine anahangaika na saa ya kumwambia nahodha yuko wapi katikati ya bahari. Mwingine tena anafunga zebaki ndani ya mrija wa kioo na kuifanya iseme kuna joto kiasi gani. Habari hizo zilipomfikia Mtukufu Mwenye Nchi hakupata usingizi, na asubuhi yake ikaundwa Wizara ya Mambo Mapya. Waziri wake akawa Mheshimiwa Mbaruku, mtu aliyechaguliwa kwa sifa moja kubwa: hakuwa na mazoea na mambo mapya, wala ya zamani, kwa hiyo hangeweza kupendelea upande wowote.

Wizara ilianza na mashine ya mvuke. Ilikuja vipandevipande, ikaungwa, ikasimamishwa uani, nyeusi, ndefu, ikipumua kama ng'ombe anayezaa. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba kazi yake ni kunyonya maji yanayojaa migodini, na nchi haikuwa na mgodi hata wa kuazima. Mheshimiwa Mbaruku hakutetereka. Aliamuru lichimbwe shimo nyuma ya Wizara, na wanawake wa mtaa wa bondeni walijaze kwa ndoo kutoka kisimani, ili mashine ipate cha kunyonya. Mashine ikanyonya. Maji yakateremka bondeni, yakaingia vyumbani mwa wanawake walewale. Siku ya uzinduzi Waziri alisema kwamba leo taifa limeyashinda maji, na wanawake wakapiga vigelegele kama walivyoelekezwa, nguo zao wamezikunja juu ya magoti.

Zamda, mke wa Kondo, alikuwa mmoja wa wenye ndoo. Aliporudi nyumbani alimuuliza mumewe, "Baba Mize, ile mashine kazi yake nini?"

"Inatoa maji."

"Na sisi?"

"Nyinyi mnatia."

"Sasa tukiacha kutia, yenyewe si itapumzika?"

Kondo alimwambia kwamba sayansi haiulizwi hivyo. Wakati huo alikuwa mchonga mihuri wa Wizara. Kila cheo kipya kilichotolewa kilipita mikononi mwake: Mkurugenzi wa Mvuke, Naibu Mkurugenzi wa Mvuke, Msimamizi wa Ndoo. Alivichonga vyote kwa herufi safi, kisha akaenda nyumbani akiwa Kondo tu. Miaka inapita, mtu anachonga vyeo vya wenzake. Tuseme ukweli, hilo nalo linaumiza.

*

Ndipo akaja mpuliza vioo. Alikuwa mgeni mpole kutoka nchi za baridi, pua nyekundu, na ndani ya kasha lake, katikati ya pamba, alikuwa na mirija ya kipimajoto. Kamati ya Wizara ilikaa kumsikiliza.

"Mrija wenyewe uko tayari," mgeni alisema, "ila hauna alama. Nahitaji mahali pawili pasipobadilika. Chini, barafu inayoyeyuka. Juu, kwapa la mtu mwenye afya njema. Katikati tutagawanya."

"Barafu ni nini?" Waziri aliuliza.

"Ni maji yaliyogeuka jiwe kwa baridi."

Wajumbe walicheka kwa heshima, wakamwomba mgeni aache masihara. Baada ya majadiliano marefu na chai, ilikubaliwa kwamba kitu cha baridi kuliko vyote nchini ni maji ya mtungi ulio ofisini kwa Waziri, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyanywa. Alama ya chini ikaitwa Mtungi.

"Na mtu mwenye afya njema?" mgeni aliuliza. "Yeyote tu."

Hapo kikao kikapoa. Neno "yeyote" si neno la serikali. Ukijitaja mwenyewe, umejiweka mbele ya wakubwa. Ukimtaja mwenzako, umesema waliobaki ni wagonjwa. Mjumbe mmoja alianza kukohoa asije akachaguliwa, wa pili akashika kiuno, na kufumba na kufumbua Kamati nzima ilikuwa inaugua. Waziri naye alijikamua akapata kikohozi chembamba.

Kondo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua maagizo ya mhuri, basi. Hakuwa mjumbe, hakuulizwa, na hakuna aliyejua kama yumo. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa," alisema, "mwenye afya kuliko wote katika nchi hii si ni Mtukufu? Sisi wengine tunaazima kwake."

Maneno yalimtoka yenyewe, laini, kama yamepakwa samli. Vikohozi vikapona papo hapo. Walipiga makofi mpaka mgeni akafunika kasha lake kwa mikono, akiogopea vioo. Waziri alishuka kitini, akamkumbatia mchonga mihuri mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza akamuuliza jina.

*

Walipofika Ikulu walimkuta Mtukufu chini ya mablanketi manne, meno yanagongana.

"Mtukufu anatafakari," Waziri alinong'ona.

Mgeni alimtazama Mtukufu, akamtazama Waziri. "Huyu bwana ana homa kali."

"Mgeni wetu," Waziri alisema kwa upole, "huko kwenu viongozi huumwa, ndiyo maana hamna utulivu."

Kando ya kitanda mtumishi alikuwa ameshika bakuli. Alipoona wageni alilifunika kwa kitambaa upesi, lakini harufu haifunikwi. Ilikuwa ile dawa chungu ya magome, ambayo siku hizo ilianza kuletwa na meli kwa ajili ya homa. Kila aliyewahi kuugua aliijua. Ukiinywa, ulimi hukununia kutwa nzima.

Kondo ndiye aliyepewa heshima ya kuuweka mrija. Aliupitisha chini ya mablanketi mpaka kwapani, na vidole vyake vikaligusa kwapa lenyewe. Lilikuwa linaunguza kama figa ambalo chungu kimeipuliwa sasa hivi. Zebaki ikapanda, ikapanda, mpaka karibu na kichwa cha mrija, ikatulia.

"Hapa," Waziri alisema. "Chonga."

Mrija ulikuwa umefungwa juu ya ubao, na alama zilitakiwa zichongwe ubaoni. Kondo alitoa kisu chake kidogo cha mihuri. Alijua. Pale pale, kisu mkononi, vidole bado vimoto, alijua kabisa kwamba mtu huyu ni mgonjwa na kwamba mstari huu ni uongo. Akachonga mstari, na juu yake akaandika AFYA KAMILI. Ulikuwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuuandika. Hilo ndilo linalomkaa rohoni mpaka leo: mkono haukutetemeka hata kidogo.

Mgeni aliondoka na meli ya kwanza. Alipewa nishani, naye akaomba jambo moja tu, jina lake lisiandikwe popote kwenye ule ubao.

Kondo alipewa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Kipimajoto, pamoja na koti jeusi lenye vifungo vya shaba. Mhuri wa cheo hicho aliuchonga mwenyewe, na aliuchonga polepole. Jioni alimsimulia Zamda yote, mablanketi, bakuli lililofunikwa, harufu ya magome, Mtukufu anavyotafakari mpaka kitanda kinalia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Zamda hakucheka.

"Sasa mwenye homa atajulikanaje?"

"Atapimwa."

"Kwa mstari huo?"

Kondo akamwonyesha vifungo vya koti.

*

Mtukufu alipona. Siku chache baadaye mjumbe mmoja, kwa furaha tu, alipendekeza Mtukufu apimwe tena ili taifa lishangilie. Waziri alifikiri, akawa wa rangi ya majivu, na kabla ya chakula cha mchana sheria ikawa imepita: Mtukufu hapimwi mara mbili, kwa kuwa jambo lililokamilika halirudiwi.

Kisha likapimwa taifa. Ilitengenezwa mirija mingine kwa kuiga ule wa kwanza, ikasambazwa mikoani, na watu wakanyanyua mikono yao vituoni. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Wakulima, walimu, wapagazi, mabibi harusi, wote zebaki yao iliishia njiani, kati ya Mtungi na Afya Kamili. Waziri alilihutubia taifa kwa sauti ya msiba.

"Ndugu wananchi, utafiti umebaini kwamba nchi yetu, ukimwondoa mtu mmoja, ni baridi. Leo tumejua kwa nini mavuno ni haba. Tumejua kwa nini watu huchelewa kazini. Tumejua hata kwa nini makofi ya siku za sherehe yamekuwa mepesi. Si chuki, ndugu zangu. Ni ubaridi. Na serikali yenu haitakaa mikono mitupu."

Ikaanza Kampeni ya Kupasha Taifa. Mahakimu walisikiliza kesi saa saba mchana wamejifunika mablanketi. Walimu walifundisha wakirukaruka. Na kwa kuwa hakuna aliyeingia ofisi ya serikali bila kupimwa mlangoni, wananchi, ambao siku zote huielewa serikali kuliko serikali inavyojielewa, waligundua viazi vitamu. Kiazi kilichochomwa, kikawekwa kwapani njia nzima na kutupwa hatua chache kabla ya mlango, kilimfikisha mtu karibu kabisa na Mtukufu. Wauza viazi walijipanga nje ya kila ofisi, na mteja akisimama waliuliza kwanza, "Cha kula au cha kupimia?"

Aliyefika kwenye mstari bila kiazi alifungwa utepe mwekundu mkononi na kupewa kazi Wizarani. Nani hufika bila kiazi? Wenye homa. Basi Wizara ikajaa makarani wanaotetemeka. Barua za serikali zikawa na mwandiko wa mawimbi, na kahawa ilimwagika kabla haijafika mezani. Wageni waliotembelea Wizara walisifu jinsi watumishi wanavyotetemeka mbele ya wajibu wao.

Kwenye Nyumba ya Tiba utaratibu ulikuwa wazi. Mgonjwa hupimwa. Akiwa chini ya mstari, ni baridi, naye hulazwa juu ya kitanda chenye makaa chini yake. Akiwa kwenye mstari, ana afya, hupongezwa na kurudishwa kwao. Dawa ya magome, kwa sheria ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, iliendelea kuchemshwa kila asubuhi kwenye chungu kikubwa kando ya mlango. Hakuna aliyestahili kuinywa. Jioni ilimwagwa kwenye mgomba uliokuwa uani, na mgomba ule, usisikie, ulikuwa na afya ya kutisha.

Kondo alipita kila wiki na koti lake, kukagua mirija. Alikiona chungu kikichemka. Alisikia harufu. Alipita.

*

Mize ni binti yao, wa pekee. Wakati huo hata jino la kwanza la utotoni lilikuwa halijang'oka. Aliamka asubuhi akikataa uji, na kufikia adhuhuri alikuwa amelala kwenye mkeka kama nguo iliyovuliwa. Zamda alimbeba mgongoni mpaka Nyumba ya Tiba.

Kondo aliporudi kutoka kazini jioni aliona kwanza utepe mwekundu kwenye kimkono cha mtoto. Na hapa ndipo yeye mwenyewe, akisimulia, husugua shingo. Maana alifurahi. Ilikuwa kitambo kidogo, kama mtu kupepesa jicho, lakini alifurahi. Alisema, "Mama Mize, mwanetu amefika Afya Kamili."

Zamda alimtazama tu, mtazamo wa mtu anayesubiri maji machafu yatulie ili aone chini kuna nini.

"Baba," Mize alisema, "nivue utepe. Unachoma."

Kondo alipiga magoti afungue fundo, mkono wake ukagusa kwapa la mtoto, na vidole vikakumbuka. Lilikuwa ni figa lile lile. Joto lile lile alilolichonga yeye kwa herufi nzuri.

Alitoka mbio bila kuvua koti, akaenda nyumbani kwa Waziri. Alimkuta barazani, amekaa wima, mikono ameibana mbavuni. Mheshimiwa alikuwa na kiazi kila kwapa, kwa sababu kiongozi lazima awe mfano hata akiwa kwake.

"Mheshimiwa, naomba mstari ushushwe," Kondo alisema. "Kidogo tu. Upana wa kidole."

"Kidole cha nani?"

"Mwanangu anaumwa, Mheshimiwa. Kipimo kinasema ana afya, wamemnyima dawa."

Waziri alimsikiliza kwa huruma kubwa. Alikuwa mtu wa huruma, ila hakuweza kunyanyua mkono kuionyesha.

"Kondo, tufikiri pamoja kama watu wa sayansi. Ukiushusha mstari, Mtukufu siku ile atakuwa juu ya mstari. Na aliye juu ya mstari atakuwa nani? Mgonjwa. Sasa nikuulize, ni nani aliyesimama mbele ya Kamati akasema Mtukufu ana afya kuliko wote? Mimi?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na kisu kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Basi unaona. Mimi nakulinda wewe. Nenda kalale, mpe mtoto pole za serikali."

"Asante, Mheshimiwa," Kondo alisema.

Alisema asante. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimjibu Waziri, majibu makali, ya kupangwa, yenye hoja baada ya hoja. Mbuzi waliolala kando ya njia waliyasikia yote. Waziri hakusikia hata moja.

*

Usiku ule Zamda alimkanda mtoto kwa vitambaa vya maji, na kulipopambazuka wakarudi Nyumba ya Tiba wote watatu. Tabibu Ngwali, mzee mwenye ndevu za mbuzi na moyo mzuri uliojificha mbali, aliweka mrija kwapani mwa Mize. Zebaki ilifika kwenye mstari. Haikusimama. Ikaupita, kwa unene wa unywele.

Tabibu aliketi chini.

"Mama Mize," alisema polepole, "mimi macho yangu yanaona homa. Lakini macho yangu si ya serikali. Na huyu sasa amempita Mtukufu. Anayempita Mtukufu sina ruhusa hata ya kumpa pole. Lazima aitwe Waziri."

Waziri akaitwa. Alikuja na ubaridi wote wa asubuhi, mikono imebanwa mbavuni, na nyuma yake waliingia watu waliokuwa kwenye foleni ya kupimwa, mabegani mablanketi, kwapani viazi, kwa sababu watu wa nchi ile walipenda sana kuona sheria ikifanya kazi juu ya mtu mwingine.

Mheshimiwa aliutazama mrija. "Mtoto huyu ama ana afya, ama ana kiburi. Hakuna la tatu."

"Ana miaka mitano," Zamda alisema.

"Kiburi hakina umri, bibi. Lakini serikali si katili. Kwa huruma yake, tutahesabu kwamba hakumpita Mtukufu. Tutahesabu yuko sawa naye. Mfungeni utepe wa pili, arudi nyumbani."

Zamda alimweka Mize vizuri begani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia.

"Sawa naye kabisa, Mheshimiwa?"

"Kabisa."

"Kama alivyokuwa siku ile mliyompima? Hakuna tofauti?"

"Hata chembe. Sayansi haina upendeleo."

"Basi mpeni alichopewa Mtukufu siku ile."

Chungu cha magome kilikuwa kinatokota kando ya mlango. Kilisikika sasa mpaka mwisho wa foleni.

"Mtukufu hakupewa kitu," Waziri alisema.

Zamda akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Baba Mize, wewe ulikuwepo. Alipewa nini?"

Watu wote wakamtazama Kondo. Waziri pia alimtazama, kwa urafiki kabisa. Kondo alifungua kinywa. Aliliona bakuli mbele yake, aliiona ile nguo iliyofunika, aliweza hata kusema lilikuwa la rangi gani na lina ufa upande upi. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Akateremsha macho kwenye vifungo vya koti lake, akaona kimoja kimepata kutu, akaanza kukisugua kwa kidole gumba.

Akakisugua. Akaendelea kukisugua.

Zamda alimsubiri kwa muda ambao mke humsubiri mume mbele ya watu. Ulipokwisha, aliurudisha uso kwa Waziri.

"Haya, hakunywa kitu. Yuko vilevile, habadiliki. Basi na aje apimwe hapa mbele yetu, mrija huuhuu. Akifika kwenye mstari, mimi na mwanangu tunavaa tepe zetu tunakwenda. Asipofika, makaa yako kitandani hapo, mlazeni."

Hakuna aliyecheka. Foleni nzima ilishusha pumzi mara moja, na mikono ikalegea. Hata ya Waziri ililegea. Kiazi kimoja kikamtoka chini ya joho, kikadunda sakafuni, kikabingirika taratibu katikati ya watu mpaka kikagota kwenye mguu wa Zamda. Kilikuwa bado kinafuka moshi.

Watu wote wakakitazama kiazi. Kisha, kwa adabu, wakatazama dari.

Mheshimiwa Mbaruku hakufikia uwaziri kwa bahati. Alikohoa, akanyoosha joho.

"Serikali," alisema, "imekuwa ikitafakari kwa muda mrefu namna ya kuiadhimisha siku ile ya kihistoria ambayo Mtukufu alilipa taifa kipimo chake. Nina furaha kutangaza kwamba, kuanzia sasa, kila mwananchi atakayefika kwenye mstari atakunywa Kinywaji cha Kumbukumbu. Tabibu, kinywaji kiko wapi?"

"Kinachemka, Mheshimiwa," Tabibu Ngwali alisema, naye alikuwa ameshachota.

*

Mize alikitema Kinywaji cha Kumbukumbu mara ya kwanza, akakinywa ya pili, na siku ile haikuisha kabla hajamwambia mama yake kwamba serikali ni chungu. Alikinywa tena kesho yake na siku zilizofuata. Homa ikashuka, na asubuhi moja akaomba muwa.

Nchini nako mambo yakaenda vizuri, kama yaendavyo huko siku zote. Wenye homa walijipanga wakaadhimisha, wakapona. Makarani wa Wizara walipona wakaanguka chini ya mstari, wakafukuzwa kazi kwa ubaridi, wakaenda makwao wakiimba. Mgomba wa Nyumba ya Tiba ulinyauka. Mashine ya mvuke ingali inanyonya, na wanawake wa bondeni wangali wanatia. Mstari haukushushwa. Upo mpaka leo, na wanaojua mambo ya maandishi husema haujapata kuonekana mwandiko mzuri kama ule.

Jioni ile Mize alipokula muwa wake wa kwanza, Zamda alikuwa jikoni akimenya viazi, vya kula. Kondo alisimama mlangoni. Koti alikuwa amelitundika ndani, nyuma ya mlango, ameligeuza vifungo vielekee ukutani.

"Mama Mize."

"Naam."

"Mimi ningesema, unajua. Siku ile."

Zamda alimenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika.

"Si kwamba nilikataa. Jambo kama lile mbele ya Waziri haliropokwi. Lina maneno yake. Nilikuwa nayatafuta maneno."

"Siku ya kunyoosha mkono," Zamda alisema, akachukua kiazi kingine, "hukuyatafuta."